Mapinduzi ya Urusi 1917 au ya Ujerumani 1918: uanze na yapi?

Anayesoma habari za Vita Kuu ya Kwanza akifika mwaka 1917 hukuta njia panda. Njia moja inampeleka Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, ambako mfalme wa nchi kubwa kuliko zote duniani aliangushwa ndani ya wiki moja. Nyingine inamngoja mwaka mmoja na nusu mbele, katika bandari ya Kiel na mjini Berlin, Ujerumani, ambako mabaharia walikataa kwenda kufa katika vita iliyokwisha kushindwa. Wengi wetu shuleni tulifundishwa ya Urusi kwa kirefu. Ya Ujerumani tuliambiwa kwa sentensi mbili: Kaizari akakimbia, Mkataba wa Versailles ukatiwa saini.

Vijana wanaotafuta mada ya insha ndefu wameniuliza mara nyingi waanze na yapi, na watu wazima wanaotaka tu kuielewa dunia yao wameuliza vilevile. Basi nayaweka mapinduzi haya mawili bega kwa bega. Niseme tangu mwanzo swali ninalotumia kuyapima: vita ilipokwenda mrama, nani alibebeshwa mzigo wake?

Waliingiaje vitani

Hapa sitakaa sana kwa sababu chanzo ni kimoja. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Tarehe 5 Julai Ujerumani iliiahidi Austria kwamba itasimama nayo kwa lolote. Tarehe 28 Julai Austria ikatangaza vita dhidi ya Serbia, tarehe 30 Urusi ikaita jeshi lake lote, na tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi. Mpango wa majenerali wa Kijerumani ulikuwa kuipiga Ufaransa kwanza, upesi, kwa kupitia Ubelgiji, kabla Warusi hawajamaliza kukusanya watu wao. Kwa hiyo kila siku Urusi iliyojiandaa, Berlin waliihesabu kuwa siku waliyopoteza. Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani na mfalme Nicholas II wa Urusi walikuwa ndugu wa ukoo, na waliandikiana telegramu hadi saa za mwisho, wakijiita Willy na Nicky. Telegramu zile hazikuzuia kitu.

Tofauti ya kuangalia iko bungeni. Ujerumani ilikuwa na chama cha wafanyakazi kilichokuwa mfano kwa dunia nzima, SPD, chenye wanachama zaidi ya milioni moja na viti 110 kati ya 397. Kwa miaka mingi chama hicho kiliapa kupinga vita ya mabepari. Tarehe 4 Agosti 1914 wabunge wake walipiga kura kuidhinisha fedha za vita. Urusi mambo yalikwenda kinyume: wasoshalisti wachache waliokuwa katika Duma, bunge la Urusi, walikataa, na ilipofika Novemba wabunge wa Kibolsheviki, yaani wa chama cha Lenin, wakakamatwa, kisha wakapelekwa uhamishoni Siberia. Miaka minne baadaye, kila upande uliitwa kutoa hesabu ya kura yake.

Njaa za aina mbili

Huwa nasikia ikisemwa kwamba mapinduzi yote mawili yaliletwa na njaa. Ni kweli, lakini njaa zenyewe hazifanani.

Wajerumani walikosa chakula kwa sababu manowari za Uingereza zilifunga njia za bahari, na nchi yao ilizoea kuagiza nafaka na mbolea kutoka nje. Majira ya baridi ya 1916 hadi 1917 viazi viliharibika shambani, watu wakala tanipu, mizizi waliyozoea kuwapa mifugo. Kipindi hicho wao wenyewe wanakiita baridi ya tanipu hadi leo.

Urusi ilikuwa na nafaka. Ilikuwa huko ilikolimwa, na reli zilizochoka kwa kubeba askari na mizinga hazikuweza kuifikisha mijini. Mkulima naye hakuwa na hamu ya kuuza, kwa kuwa noti alizolipwa zilishuka thamani na dukani hapakuwa na cha kununua. Hivyo wanawake wa Petrograd walisimama kwenye foleni ya mkate usiku kucha katika baridi kali, ilhali nchi yao haikukosa ngano. Tarehe 8 Machi 1917, Siku ya Wanawake, wafanyakazi wa kike wa viwanda vya nguo waliacha kazi wakaingia barabarani, na wanaume wa viwanda vya chuma wakawafuata. Vitabuni utakuta siku hiyo imeandikwa 23 Februari, kwa sababu kalenda ya Urusi wakati huo ilikuwa nyuma siku 13. Ndiyo maana wanasema Mapinduzi ya Februari yaliyotokea Machi, na Mapinduzi ya Oktoba yaliyotokea Novemba. Mimi natumia kalenda tuliyonayo sasa.

Siku askari walipokataa

Njaa huleta maandamano. Serikali huanguka pale mwenye bunduki anapokataa kuitumia, na hapa nchi hizi mbili zinafanana kuliko mahali pengine popote.

Petrograd, tarehe 11 Machi, askari wa kikosi cha Volynsky waliamriwa kuufyatulia risasi umati, na watu wakafa. Usiku ule hawakulala. Asubuhi yake walikataa kutoka tena, wakamuua ofisa wao, wakaenda kuwaamsha askari wa kambi za jirani. Kufika jioni jeshi la mji lilikuwa upande wa waandamanaji. Tarehe 15 Machi, Nicholas aling'atuka akiwa ndani ya behewa la treni mjini Pskov.

Ujerumani ilianza kwa mabaharia. Mwishoni mwa Oktoba 1918, serikali ikiwa tayari imeomba vita isitishwe, maadmirali walipanga kuzitoa manowari zote kwenda kupigana na Waingereza kwa mara ya mwisho, kwa ajili ya heshima ya jeshi la majini. Mabaharia waligundua kwamba heshima hiyo ingelipiwa kwa roho zao. Wachochea moto wakazima tanuri za meli. Walikamatwa kwa mamia, na tarehe 3 Novemba wenzao wakaandamana Kiel kudai waachiwe. Doria ikapiga risasi, watu kadhaa wakafa, na kesho yake mji ukawa mikononi mwa mabaraza ya askari na wafanyakazi. Tarehe 7 ikawa zamu ya Munich. Tarehe 9 Berlin ikafuata, na siku hiyohiyo jamhuri ilitangazwa mara mbili: Philipp Scheidemann wa SPD aliitangaza kutoka dirisha la bunge, na Karl Liebknecht, msoshalisti wa mrengo mkali, akatangaza jamhuri ya kisoshalisti kwenye kasri la mfalme. Wilhelm alivuka mpaka akaingia Uholanzi alfajiri ya tarehe 10.

Neno la Kirusi *soviet* maana yake ni baraza tu, na mabaraza ya Kijerumani yaliiga mfano wa Petrograd. Kwa hiyo hadi hapa msomaji anaweza kudhani anasoma hadithi moja yenye majina mawili.

Mzigo ulitua kwa nani

Hapa ndipo njia zinapoachana, na hapa ndipo ninapomtaka anayechagua akae kidogo.

Mwaka 1915 Nicholas II alimwondoa amiri jeshi wake, akashika usukani mwenyewe na kuhamia karibu na uwanja wa vita. Mawaziri wake wengi walimsihi asifanye hivyo. Kuanzia hapo kila jeshi lililoshindwa lilishindwa kwa jina lake, na hakuwa na mtu wa kumsukumia lawama. Alipoondoka, Serikali ya Muda iliyoshika nafasi yake ikaurithi mzigo huo kwa hiari yake. Ingeweza kuutua. Badala yake iliendelea na vita ili iwatimizie ahadi Uingereza na Ufaransa, na Julai 1917 Alexander Kerensky, waziri wa vita, akawapeleka askari kwenye shambulio kubwa lililovunjika vibaya. Baada ya hapo wakulima waliovaa sare walianza kurudi makwao kwa wingi, maana walisikia mashamba ya makabaila yanagawanywa na hawakutaka kukosa fungu lao. Lenin, kiongozi wa Wabolsheviki, aliyekuwa amerudi Aprili kutoka uhamishoni kwa treni iliyoruhusiwa na Wajerumani wenyewe kupita katika nchi yao, alisema maneno matatu ambayo wengine hawakuthubutu kuyasema kwa pamoja: amani, ardhi, mkate. Tarehe 7 Novemba Wabolsheviki wakachukua madaraka, na kesho yake wakatoa Amri ya Amani na Amri ya Ardhi. Tarehe 3 Machi 1918, huko Brest-Litovsk, walikubali kuzipoteza Ukraine, Poland, Finland na nchi za Baltiki ili vita iishe. Lenin alilazimika kutishia kujiuzulu ndipo wenzake wakakubali. Walilipa bei kubwa mno, lakini waliilipa wakijua wanachonunua.

Sasa tazama Ujerumani. Tarehe 29 Septemba 1918, Jenerali Erich Ludendorff, ambaye pamoja na mkuu wa jeshi Paul von Hindenburg alikuwa mtawala halisi wa nchi kwa miaka miwili, aliwaambia wakubwa kwamba jeshi limekwisha na vita isitishwe mara moja. Papo hapo akashauri serikali ikabidhiwe vyama vya bungeni, ili hao ndio waende kuomba amani. Siku mbili baadaye aliwaeleza maofisa wake kwamba sasa wanasiasa wainywe supu waliyoipika. Waliokuwa wameipika ni majenerali.

Na kweli, tarehe 11 Novemba, katika msitu wa Compiègne, kiongozi wa ujumbe wa Ujerumani uliotia saini kusitisha vita hakuwa jenerali. Alikuwa mbunge wa kiraia, Matthias Erzberger. Mwaka mmoja baadaye Hindenburg aliiambia kamati ya bunge kwamba jeshi lilichomwa kisu mgongoni, yaani lilisalitiwa na watu wa nyumbani. Agosti 1921 Erzberger alipigwa risasi akafa akiwa matembezini. Mwaka 1925 Hindenburg akachaguliwa rais, na tarehe 30 Januari 1933 mkono wake ndio uliomteua Adolf Hitler kuwa chansela. Ukiifuata saini moja ya Compiègne, na mtu aliyesukumwa kuiweka, utafika mpaka Vita Kuu ya Pili bila kuruka hatua. Sijapata mahali pengine katika historia ya karne ile ambapo uzi unaonekana waziwazi namna hii.

Bunduki, kura na damu

Usiku wa tarehe 10 Novemba, Friedrich Ebert wa SPD, aliyekuwa amekabidhiwa serikali siku moja tu kabla, aliongea kwa simu na Jenerali Wilhelm Groener. Walikubaliana kwamba jeshi lingeilinda serikali mpya, na serikali ingewaacha maofisa na vyeo vyao. Ebert aliogopa yaliyotokea Urusi yasitokee kwake, na sioni sababu ya kumdhania nia mbaya. Lakini Januari 1919, wafanyakazi wa mrengo mkali walipoinuka Berlin, serikali ya chama cha wafanyakazi iliwatuma dhidi yao Freikorps, vikosi vya kujitolea vilivyoongozwa na maofisa wa zamani wa Kaizari. Tarehe 15 Januari viongozi wa mrengo huo, Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht, walikamatwa na kuuawa na maofisa, mwili wa Luxemburg ukatupwa mferejini. Ile kura ya Agosti 1914 ilikuwa imekipasua chama hicho vipande viwili. SPD na Wakomunisti waliotokana na mpasuko huo hawakuungana tena, hata Hitler alipobisha hodi.

Siku nne baada ya mauaji yale Wajerumani walipiga kura, wanawake kwa mara ya kwanza, na wanawake 37 wakaingia bungeni. Siku ya kazi ya saa nane ilikuwa imepatikana tangu Novemba. Mambo haya yasidharauliwe. Bibi wa Kijerumani aliyepiga kura Januari 1919 alipata haki ambayo mwenzake wa Ufaransa aliisubiri hadi miaka ya 1940.

Urusi nayo ilipiga kura, Novemba 1917. Wabolsheviki walipata karibu robo tu ya kura, na chama kilichopendwa na wakulima kiliwazidi kwa mbali. Bunge hilo lilikutana Januari 1918, likakaa siku moja, likafungwa. Kilichofuata ni vita ya wenyewe kwa wenyewe, polisi wa siri, nafaka kuchukuliwa vijijini kwa nguvu, na njaa ya 1921 hadi 1922 iliyoua watu wapatao milioni 5. Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, ngome ya bahari karibu na Petrograd, waliokuwa nguzo ya mapinduzi, waliinuka kudai uchaguzi huru wa mabaraza. Jeshi Jekundu la Wabolsheviki likawaponda. Mtu asikufundishe Mapinduzi ya Oktoba akaishia kwenye Amri ya Ardhi bila kufika Kronstadt.

Yanatugusa wapi sisi

Wasomaji wengi wa Kiswahili hudhani jibu ni Urusi, kwa kuwa maneno mabepari, makabaila na mabwanyenye yalituingia masikioni kupitia siasa za ujamaa. Kiungo kipo kweli. Wabolsheviki walichapisha mikataba ya siri ya kugawana ardhi za watu, na dunia nzima ya watawaliwa ikasoma. Jomo Kenyatta alisoma Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Ila Ujerumani inatugusa kwa mkono wenyewe. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, aliyezunguka na askari wake kutoka Tanga hadi Msumbiji na kurudi, huku wapagazi na wanavijiji wakifa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kaizari wake alikuwa amekwisha kukimbia wiki mbili nzima. Machi 1919 alipokelewa Berlin kama shujaa, akipita juu ya farasi chini ya Lango la Brandenburg. Julai mwaka huo aliongoza maelfu ya askari kuingia Hamburg, mji uliokuwa umechafuka baada ya watu wenye njaa kugundua kiwanda kinawauzia nyama iliyooza. Machi 1920, wakati wa jaribio la Kapp la kuipindua jamhuri, aliwaunga mkono waasi, na akapoteza kazi yake jeshini. Jaribio lile lilivunjwa na mgomo mkuu wa wafanyakazi kwa siku chache tu.

Kwa hiyo mtu yuleyule ambaye babu zetu walimbebea mizigo ndiye aliyetumwa kuwatuliza Wajerumani wenye njaa. Na Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili tangu risasi za Sarajevo, ndio ulioinyang'anya Ujerumani makoloni: Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi bado zina jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hiyo.

Ugumu wa kusoma

Urusi ina kalenda mbili, mji mmoja wenye majina matatu (St Petersburg, Petrograd, Leningrad), na vyama vinavyopasuka kila sura. Lakini hadithi ina mgongo: kuna aliyeanguka, kuna aliyepanda, na mwisho wake unajulikana, Desemba 1991. Msomaji hapotei.

Ujerumani haina mshindi mmoja. Mambo yanatokea Kiel, Munich, Berlin na Hamburg kwa wakati mmoja, na baada ya mapinduzi yanakuja mambo ya fedha yanayochosha: fidia ya vita ya marki bilioni 132 za dhahabu iliyopangwa 1921, Wafaransa kuingia eneo la viwanda la Ruhr 1923, kisha mfumuko wa bei hadi dola moja ikauzwa kwa zaidi ya marki trilioni 4. Ukiwa huna uvumilivu wa hesabu, hapo utachoka.

Uchague vipi

Ikiwa unataka kujua vita inavyozaa mapinduzi, yaani namna dola inavyopasuka ikiwa bado inapigana, chukua Urusi. Hali kadhalika ikiwa una mtihani karibu, kwa sababu maandishi ni mengi na mpangilio wake unashikika. Usianze 1917 lakini. Anza 1905, Urusi iliposhindwa na Japani na askari wakawafyatulia risasi watu waliokwenda na ombi lao kwenye kasri la mfalme, kisha umalizie Kronstadt 1921.

Ikiwa unataka kujua vita inavyoacha sumu hata baada ya bunduki kunyamaza, chukua Ujerumani. Ikiwa unaandika insha na hutaki kurudia yaliyoandikwa na wenzako wote darasani, chukua Ujerumani. Na ikiwa wewe ni wa Tanzania, Rwanda au Burundi na unataka kuelewa kwa nini bendera ilibadilika juu ya vichwa vya babu zako bila wao kuulizwa, sioni namna ya kuikwepa.

Mimi ningeanza na Ujerumani. Fungua na kikao cha 29 Septemba 1918, si na Kiel, maana mabaharia utawaelewa vizuri ukishajua majenerali walikuwa wamekwisha kukata tamaa kimyakimya. Soma hadi mgomo wa Machi 1920, miezi 18 tu, kisha ndipo urudi nyuma Petrograd. Ukiwa na daftari, andika ukurasa wa kwanza majina manne, Ludendorff, Ebert, Erzberger na Lettow-Vorbeck, na mbele ya kila jina uandike alikuwa wapi tarehe 11 Novemba 1918.